Maswali na Majibu: Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilitunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya kilimo cha mwani katika pwani ya Mkinga. Tangu hapo nimetuma baruapepe nyingi kwa vyuo vikuu vya nje nikiomba nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, lakini wanaojibu ni wachache, nao husema tu kwamba hawana nafasi. Nakala ya barua hiyo nimeiambatisha. Nakosea wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu Msomaji, barua yako inaanza kwa "Mheshimiwa Profesa" bila jina, kisha aya nzima inasimulia shule ulizosoma hadi kidato cha sita, na neno mwani halionekani mpaka karibu na mwisho. Anayeipokea hutambua mara moja kwamba imetumwa kwa kila mtu. Nafasi za aina hii kwa kawaida haziombwi kwa chuo. Huombwa kwa mtafiti fulani, ambaye ama ana mradi wenye fedha za kumlipa mtu, ama yuko tayari kuwa mwenyeji wako ili mwombe ufadhili pamoja.

Kwako wewe uwanja si mkubwa sana, na hiyo ni heri. Vikundi vinavyotafiti mwani vipo Ufilipino, Malaysia na Uskoti, na baadhi yao wanaijua pwani yetu. Soma makala zao za karibuni, kisha umwandikie mmoja kwa jina lake. Mweleze kwamba umefanya kazi na wakulima walioacha mwani wa aina ya kotonii, ingawa bei yake ni nzuri zaidi, kwa kuwa hugeuka mweupe na kukatika maji yanapopata joto, wakahamia aina ya spinosamu. Kisha taja swali moja ambalo utafiti wake umeliacha wazi na ambalo takwimu zako zinaweza kulijibu. Aya tatu zinatosha, pamoja na wasifu na makala yako iliyo bora. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili au tatu, kisha umwache. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kuonana ana kwa ana hushinda baruapepe, na kongamano la WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari chenye makao yake Zanzibar, hufanyika kila baada ya miaka miwili katika ukanda wetu huu huu.

Usichelewe, kwa maana miaka inahesabiwa. Ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani kwa watafiti wachanga hutaka isiwe imepita zaidi ya miaka 4 tangu kupata uzamivu, nao hulipia miezi 6 hadi 24. Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya huruhusu hadi miaka 8 ya utafiti tangu kupata shahada, na kwa kawaida dirisha lake hufungwa mwezi Septemba. Mipango yote miwili inahitaji mwenyeji aliyekwisha kukubali, kwa hiyo anayeanza kumtafuta mwezi Agosti amekwisha kuchelewa.

Wadhamini wako uwaarifu mapema, na angalau mmoja awe nje ya chuo ulichosomea. Ikiwa ulisomeshwa na mwajiri, soma upya mkataba uliotia saini kuhusu miaka ya kumtumikia, na uombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kumwahidi mwenyeji tarehe ya kuanza.