Mtoto analia: mzazi ajibu nini?

*Wangu ana miaka 2. Nikimnyima kitu anajitupa chini na kupiga mayowe, hata sokoni Virunga, hapa Goma. Ana kichwa ngumu? (Mama, Ndosho)*

Hapana, mama. Huo ndio umri wenyewe: maneno yake bado machache, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza hasira, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Macho ya watu yasikusumbue. Chutama, umwambie kwa sauti ya chini: "Ulitaka biskuti, umekasirika." Kama ulishakataa, usimpe.

*Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, mlango ukijibamiza tu binti yangu wa miaka 5 anaingia chini ya kitanda. Namwambia hakuna kitu, usiogope. Haisaidii. (Baba, Majengo)*

Baba, kitu kipo: amesikia kishindo. Ukimwambia hakuna kitu, anabaki na hofu yake peke yake. Mfuate palepale chini ya kitanda. "Umesikia mlango, umeogopa. Hata mimi nimeshtuka. Ni upepo. Niko hapa na wewe." Akitaka mapaja, mpakate. Ila usimwahidi kwamba risasi hazitalia tena. Zikilia siku moja, neno lako litakuwa limekwisha nguvu. Mwambie mtakachofanya: tutalala chini, mbali na dirisha, pamoja.

Atauliza tena na tena. Walio na watoto wakubwa wanakumbuka Mei 2021, ardhi ilivyotetemeka siku kadhaa baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, na swali lilikuwa lilelile kila usiku. Jibu kwa maneno yaleyale, bila kuchoka. Akicheza vita na wenzake, mwache, ndivyo watoto wanavyotoa yaliyo moyoni. Lakini wiki zikipita halali usingizi, hali chakula, au ameanza tena kukojoa kitandani, mpeleke kituo cha afya na uombe msaikolojia.

*Mume wangu anamwambia mvulana wetu wa miaka 4 kwamba mwanaume halii. (Mama, Himbi)*

Analia, na ana haki. Akikatazwa machozi leo, kesho hatakuambia anapoumizwa shuleni. Ongea na baba yake faraghani, si mbele ya mtoto.

*Mama mkwe anasema nikisikiliza hasira za mtoto namharibu. Juzi mtoto amempiga mdogo wake. (Mama, Katindo)*

Mama mkwe ana haki kuhusu jambo moja: kumpiga mdogo wake hakukubaliki. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza sana jambo hili, anatenganisha viwili: hisia zote zinapokelewa, lakini si matendo yote. Shika mkono wake kwanza. "Amechukua mpira wako, umekasirika. Kupiga, hapana." Akitulia, muulize yeye mwenyewe: mara nyingine utafanya nini? Msubiri ajibu.