Imunoglobulini nyumbani: ngozi ikivimba, kagua sindano kabla ya kupunguza dozi

Anayeanza kujichoma imunoglobulini (dawa ya kingamwili) chini ya ngozi hupata kishawishi kimoja kikubwa. Ngozi ikivimba na kuwasha mara mbili tatu, anapunguza dozi kimyakimya au anaruka wiki. Usifanye hivyo, tafadhali. Dozi ndiyo inayolinda mapafu yako, na shida nyingi za ngozi chanzo chake ni sindano, kasi, au kiasi kilichosukumwa sehemu moja. Vyote hivyo vinarekebishika.

Mwenye upungufu wa kingamwili wa kuzaliwa (si UKIMWI, wala hauambukizi) anaishi kwa kingamwili zilizochujwa kutoka plazma (majimaji ya damu) ya maelfu ya wachangiaji. Nusu ya kingamwili hizo, aina ya IgG, huisha mwilini kwa takriban wiki 3. Ndiyo maana baadhi ya wanaotundikiwa dripu kila wiki 3 au 4 huchoka siku za mwisho mwisho. Dozi ikigawanywa kwa wiki, kiwango hakipandi na kushuka sana. Dripu kwa kawaida ni miligramu 400 hadi 600 kwa kilo ya uzito kila mwezi, kwa hiyo mtu wa kilo 60 huangukia kwenye gramu 6 hadi 9 kwa wiki. Daktari akikupangia gramu 8, dawa ya asilimia 20 ni mililita 40. Ya asilimia 10 ni mililita 80, na itabidi uchome sehemu nyingi zaidi.

Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, imeharibika hata ikiyeyuka vizuri. Itoe kama saa moja kabla, ipungue baridi yenyewe hadi joto la chumba. Usiitumbukize kwenye maji ya moto. Dawa ya baridi ni nzito, pampu ya kuisukuma inasuasua nayo, na inauma. Usitikise kichupa, maana povu likishatokea utalisubiri sana. Ikiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, usiitumie.

Nawa mikono, futa mfuniko wa mpira kwa spiriti, uache ukauke, kisha vuta dawa kwenye sirinji. Unapojaza mrija, simama dawa ikiwa imebakiza kama upana wa kidole kuifikia sindano. Hapa ndipo wengi wanapokosea: tone likining'inia kwenye ncha, dawa inapakwa kwenye tabaka la juu la ngozi, na muwasho wake ni mkali. Sindano iingie kavu. Spiriti nayo iwe imekauka kwenye ngozi kabla hujachoma.

Choma tumboni, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, au upande wa nje wa paja, na kila sindano iwe umbali huohuo kutoka nyingine. Ikishaingia, vuta sirinji nyuma kidogo. Ukiona damu kwenye mrija, toa, tupa, anza na sindano mpya na mrija mpya.

Ngozi yenyewe itakueleza. Dawa ikivuja pembeni au ngozi ikichoma juujuu, sindano ni fupi. Omba ya milimita 9 au 12 badala ya 6. Maumivu ya ndani kabisa kwa mtu mwembamba yana maana imegusa msuli, basi omba fupi zaidi. Uvimbe mgumu uliopauka unatokana na kasi au wingi: anayeanza asizidishe mililita 20 kwa sehemu moja, wala mililita 20 kwa saa kwenye sehemu hiyo. Uvimbe laini unaoisha ndani ya siku 1 hadi 3 ni wa kawaida, na hupungua kadiri wiki zinavyopita.

Yasiyo ya kawaida ni haya: uso kuvimba, pumzi kubana, kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kuuma vibaya pamoja na shingo kukakamaa. Simamisha pampu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa pia usiisubirie dozi ijayo.

Maabara waambie unatumia dawa hii. Kingamwili za wachangiaji zinaweza kuonyesha homa ya ini B usiyokuwa nayo, na kwa mwili usiotengeneza kingamwili, kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kusema hapana kimakosa. Kinachoaminika ni kinachotafuta virusi vyenyewe. Na kwa kuwa Tanzania na Kenya BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye vijidudu hai, hutolewa mtoto anapozaliwa, familia yenye historia ya ugonjwa huu imweleze muuguzi kabla mtoto hajachanjwa. Chanjo ya polio ya matone, ambayo pia ni hai, nayo iulizwe, hata kwa ndugu wa mgonjwa walio nyumba moja naye.

Stika ya kichupa ibandue uibandike kwenye daftari, maana ina namba ya bechi. Pembeni andika tarehe, sehemu ulizochoma, mililita, urefu wa sindano, na ngozi ilivyokuwa kesho yake. Daftari hilo nenda nalo kliniki kila mara.