Mchicha wa Juni: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama umechelewa kusia mchicha hapo Columbus, Marekani, kwa kuwa Juni imeshaingia, au usubiri mwakani. Hujachelewa. Udongo hausomi kalenda. Asubuhi chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukisikia joto, sia. Mchicha uliosiwa kwenye udongo baridi wa mwanzo wa Mei hudumaa, na ule wa Juni huja ukaupita. Wiki nne au tano unachuma. Nyanya ndizo umechelewa kuanza na mbegu, kanunue miche.

Ila hilo silo lililoninyima usingizi. Umeandika juujuu tu kwamba nyuma ya nyumba ni kivuli kitupu cha miti, jua linapiga mbele, upande wa barabara. Yaani mchicha wako utaonwa na kila apitaye.

Unaikumbuka bustani ya pamoja ya Minneapolis, tulipokuwa na kipande chetu karibu na bomba? Kazi yako ilikuwa kufukuza sungura kwenye kunde, nawe ukawa unawapa majina. Wakati ule nilikuwa zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nikirudi nalala kidogo, jioni nakwenda bustanini, maana mwezi wa Juni kule jua linazama saa tatu usiku. Bibi yako kule Soni, Tanzania, hakulisadiki hilo mpaka anaingia kaburini. Kwake yeye jua lilizama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima.

Jioni zile nilizipenda kuliko kitu chochote katika nchi hii. Napalilia, natandaza majani makavu, navunja machipukizi ya nyanya mpaka vidole vinakuwa vya kijani na harufu haitoki hata kwa sabuni. Miche ya mchicha niliyopunguza ndiyo ilikuwa mboga yetu ya usiku, na hakuna mboga laini kama hiyo. Mgongo uliuma, sikatai. Uliuma vizuri.

Mbegu za mwaka ule nilizichanganya na mchanga kama alivyofanya bibi, nikazisia kwa mistari, nikavuta kamba pembeni. Zikaota sawasawa. Halafu jioni moja nikafika nikakuta tuta tupu, udongo umesawazishwa kwa reki. Msimamizi wa bustani alikuwa amenisaidia kung'oa magugu. Alinifuata mwenyewe kuniambia, anatabasamu, jasho linamtoka. Mchicha wangu ulikuwa juu ya lundo la mboji, umenyauka. Nami nikamwambia asante.

Asante ile bado imenikwama kooni.

Niliokota uliofaa, nikaupika kwa tui la kopo, wewe ukaomba uongezwe. Hukujua kitu, na sikutaka ujue.

Baba yako husema yule mtu hana kosa, na kwa kiasi fulani anasema kweli. Mchicha una ndugu yake anayetisha huko kwenye mashamba ya mahindi na soya. Wataalamu humwita Amaranthus palmeri. Wakati wa joto hurefuka sentimita 5 au zaidi kwa siku, shina moja hutoa mbegu laki kadhaa, na mimea yake mingine haifi hata kwa dawa ya kuua magugu iitwayo glifosati. Mtu aliyelelewa kwenye mashamba hayo akiona jani la namna ile, mkono unakwenda wenyewe. Hilo naliona. Lakini tuta lilikuwa na mistari! Lilikuwa na kamba! Nani anayafungia magugu kamba? Angeuliza. Basi, alitoka jasho kwa ajili yangu, nimsamehe. Lakini angeuliza.

Sasa wewe unaniuliza tarehe, mimi naiona barabara. Kuna mitaa ambayo jumuiya ya wenye nyumba ina kanuni hata za urefu wa nyasi. Soma za kwenu kabla hujashika jembe. Na ujue kwamba wenyeji hao hao huupanda mchicha mwekundu, ule wenye mashuke yanayoning'inia, kama ua la kupamba nyumba. Nilifikiri kukushauri uupande huo kwenye ukingo, wetu wa kijani uwe ndani, asije mtu akausogelea. Kisha nikajiuliza, mboga iliyotulisha sote ijifiche nyuma ya maua kwa nini? Na nikajijibu: ili ipone. Nimezunguka hapo tangu juzi.

Kwa hiyo uchimbe nyasi za mbele au usichimbe? Ulimi unaniwasha. Lakini nyumba ni yako na mkeo, na mtakaoishi na majirani hao ni ninyi, si mimi. Ongeeni wawili. Ninalolisema bila kusita ni la udongo, na hilo nimekwisha kulisema: hausomi kalenda, hata mkikata shauri mwishoni mwa Juni, mtakula.

Mkichimba, changanyeni samadi iliyooza vizuri, mwagilieni asubuhi, na mbegu zifunikwe kidogo sana. Miche ikifikisha majani manne nitumie picha, nikuonyeshe ya kung'oa na ya kuacha. Mkwe wangu msalimie. Mwambie na majani ya maboga yanawezekana huko, ua wote haujai mchicha.

Mama yako