Limau usoni asubuhi? Acha kabisa

Swali: Dada, mie nipo Mikindani, shoga angu kanambia nijipake limau na sukari usoni kila asubuhi ili madoa yatoke, mbona uso unawaka?

Jibu: Pole mwaya, acha leo leo. Maji ya limau yakipigwa na jua yanaunguza ngozi, unatoka malengelenge halafu yanabaki madoa meusi kuliko ya mwanzo, na jua la huku kwetu unalijua mwenyewe. Sukari nayo chenga zake zinakwaruza, changanya na mafuta ya nazi usugulie visigino, uso hapana. Ukishapoa paka asali dakika 15, jaribu kwanza nyuma ya sikio. Ila mafuta ya ganda la korosho usithubutu, yale yanababua ngozi kweli kweli.