Wasomaji Wanauliza: Uzi wa Kusukwa au Nailoni?

Swali

Jambo wahariri. Yaya yangu anaishi British Columbia, kule Kanada, na anavua samoni. Amenitumia bobini ya uzi wa kusukwa: mita 274, unene milimita 0.28, nguvu ratili 30. Mimi navua tilapia na kambare, siku nyingine kwa fimbo yenye mulineti (kifaa cha kukunjia uzi), siku nyingine kwa mkono ndani ya mtumbwi. Wenzangu wanasema uzi wa samoni haufai Ziwa Kivu, nibaki na nailoni. Niutumie au niuuze?
*Msomaji wa Ibanda, Bukavu*

Jibu

Usiuuze. Ila kwenye uvuvi wa mkono usiutumie kabisa, na tunaanza na hilo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Uzi wa kusukwa ni nyuzi nyembamba sana za polietilini zilizosukwa pamoja. Ni mwembamba na hauvutiki. Samaki akichomoka ghafla huku umeuzungusha kwenye kiganja kilicholowa, unaingia kwenye nyama ya mkono kama wembe. Kwa mkono chukua nailoni ya milimita 0.60 au 0.70: inashikika, haijifungi ovyo sakafuni mwa mtumbwi, na inavutika kidogo samaki anapokurupuka.

Kwenye fimbo mambo ni mengine. Ratili 30 ni karibu kilo 13.6, wakati nailoni ya milimita 0.28 hubeba kilo 5 hivi tu. Nailoni huvutika asilimia 15 hadi 30 kabla ya kukatika. Uzi wa kusukwa huvutika asilimia chache tu. Ukiwa na mita 40 za nailoni majini, kambare anaweza kuonja chambo na kukiacha kabla hujasikia kitu. Kwa uzi wa kusukwa unasikia hata chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoano, ikigusa kokoto. Tena nailoni hunywa maji na kupungua nguvu kidogo ikilowa, polietilini hainywi.

Hata hivyo, huko kwa yaya yako wavuvi wenyewe hawauchagui wote. Wanaokokota chambo kina kirefu nyuma ya mashua wanaupenda kwa sababu unakata maji na kuleta habari za samaki upesi. Wengine wanabaki na nailoni ya ratili 25 au 30, na sababu yao ni nzito: katika jimbo hilo samoni anavuliwa kwa ndoano isiyo na kibanzi (kile kijino kinachozuia ndoano kuchomoka), na baadhi ya samoni wana midomo laini. Uzi ukilegea mara moja, ndoano inatoka. Ukikaza kupita kiasi, mdomo unachanika. Nailoni inayovutika inafidia makosa ya mkono. Mitoni, uzi wa kusukwa unaelea, kwa hiyo mvuvi anaweza kuunyanyua juu ya mkondo usimvutie kiboya. Wakati wa baridi kali, maji yanayokaa kati ya nyuzi zake yanaganda kwenye pete za fimbo. Hilo la barafu halikuhusu wewe wa Bukavu, lakini la mdomo laini linakuhusu: tilapia naye huchanika mdomo ukimvuta kwa nguvu.

Kwa hiyo changanya: uzi wa kusukwa kwenye mulineti, nailoni mbele yake.

Kwanza gawa bobini. Mita 274 ni nyingi mno kwako. Katika Ziwa Kivu, chini ya mita 70 hivi maji hayana oksijeni, yamejaa kaboni dioksidi na methani, na samaki hakai huko. Tilapia unayemtafuta yuko karibu na ukingo. Mita 130 zinatosha. Nusu ya pili itunze gizani.

Kabla ya kuujaza, zungusha nailoni ya kawaida kwenye mulineti, mizunguko 10 hadi 15. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba breki ya mulineti imeharibika. Uzi wa kusukwa ni mtelezi. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma laini, mzigo wote wa uzi unazunguka wenyewe juu ya bobini. Ikiwa mulineti ni kubwa, ongeza nailoni hiyo ya chini mpaka uzi wa kusukwa ufike milimita 2 chini ya ukingo. Ukizidisha, unamwagika kwa mafungu unaporusha.

Unapoujaza, upitishe kwenye kitambaa kilicholowa na ukibane kwa vidole. Ukijazwa legelege, siku samaki anapovuta, mzunguko wa juu unazama katikati ya ile ya chini na kukwama hapo. Mtupo unaofuata unasimama hewani na uzi unakatika.

Mbele unganisha nailoni ya milimita 0.35, urefu mita 2. Laza ncha mbili sambamba zikielekeana. Kwa ncha ya nailoni fanya kitanzi, kisha pitisha ncha hiyo ndani ya kitanzi mara 5 ukizizunguka nyuzi zote mbili, ukaze kidogo. Fanya vilevile kwa uzi wa kusukwa, lakini mara 8, kwa sababu unateleza. Lowesha mafundo yote mawili kwa mate au maji, kisha vuta nyuzi ndefu pande zote mpaka yakutane. Usikaze fundo kavu: msuguano unaleta joto, na joto linadhoofisha nyuzi zote mbili.

Mwisho ni breki. Ipime kwa sehemu dhaifu ya mstari wote, ambayo sasa ni nailoni ya mbele, yenye kilo 8 hivi. Robo yake ni kilo 2. Funga ndoano kwenye chupa ya lita 2 iliyojaa maji na uinyanyue kwa fimbo: breki ianze kuachia uzi chupa inapotaka tu kuondoka chini. Mvuvi aliyezoea nailoni huwa anaikaza zaidi ya hapo, na uzi usiovutika haumsamehi.

Swali

Navua kwenye mawe ya volkano, upande wa Himbi. Uzi wangu wa kusukwa ni wa kilo 20 lakini unakatika kila mara, karibu na chubwi. Muuzaji anasema ninunue wa kilo 30.
*Msomaji wa Goma*

Jibu

Hifadhi pesa zako. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za kuvuta, si za kusugua. Lava ya Nyiragongo, ikiwemo ile iliyoingia ziwani mwaka 2002, ina kingo kali kama chupa iliyovunjika. Uzi wa kusukwa ukigusa kingo hizo, nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja. Nailoni ni uzi mmoja mzima wenye ngozi nene. Inachubuka kwanza, ukapata muda wa kuigundua.

Weka mbele nailoni ya milimita 0.45, mita 2 hadi 3, ili uzi wa kusukwa usifike kwenye mawe. Kila baada ya nusu saa pitisha mita ya mwisho kati ya kucha mbili. Ukisikia mkwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya.

Chubwi nayo isifungwe kwenye uzi mkuu. Itundike kwa kipande cha nailoni dhaifu, milimita 0.20. Ikinasa, kipande hicho kinakatika na samaki wako anabaki. Buji kuukuu ya pikipiki ni chubwi nzuri hapo. Ukiipoteza hujapoteza hela. Na ndoano ikinasa kabisa, usivute kwa mkono wala kwa fimbo. Zungusha uzi mara 5 kwenye kipande cha mti, elekea ziwani, rudi nyuma polepole. Kipande kinachobaki mkononi usikitupe majini, kwani hakiozi, na ndege wa ziwani hunaswa miguu. Kikate vipande vifupi ukitupe pamoja na takataka za nyumbani.

Swali

Je, uzi wa kusukwa wa ratili 50 unatosha kumvua manda, yule samaki wa meno makali wa mto Luapula, bila waya?
*Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi*

Jibu

Hautoshi, na hata wa ratili 100 hautatosha. Meno ya manda yanapita katikati ya nyuzi zilizokazwa kama mkasi. Weka waya wa chuma sentimita 30 kati ya uzi na ndoano, na uunganishe kwa kiungo kinachozunguka, maana manda huruka na kujipindua hewani. Mulineti iwe na uzi wa kusukwa, kwa kuwa taya la manda ni gumu na nailoni inayovutika haipelekei ndoano nguvu ya kutosha kuchoma. Ndoano inolewe kabla ya kila safari: ivute juu ya ukucha, na ikiteleza bila kuacha alama, bado ni butu.