Maswali na Majibu: Ubao mmebandika, mtumiaji yuko wapi?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: Ajaili, yaani namna ya kufanya kazi kwa vipande vifupi na kumuonyesha mtumiaji kila kipande. Nimechagua saba.

Tumepeleka watu mafunzo ya Ajaili, tumebandika ubao wa kuonyesha kazi zilipofikia, kila asubuhi tunakutana tumesimama. Mwaka umepita na kazi inachelewa vile vile. Tumekosea wapi? (Ofisa, Vuga)

Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua yako: mkurugenzi huhudhuria kikao cha asubuhi, humuuliza kila mmoja jana kafanya nini, na kikao huchukua saa nzima. Huko ni kuitwa majina. Mwongozo wa Skramu, mtindo mmoja wa Ajaili, umekipa kikao hicho dakika 15, na ni cha wanaoifanya kazi, wapangane nani anamsaidia nani na kipi kimekwama. Mkubwa akiwa amesimama pale, hakuna atakayethubutu kusema amekwama tangu Jumatatu.

Mwendeeni ofisini kwake, kwa heshima, mumuombe aje pale anapohitajika kweli: mwisho wa mzunguko, yaani kipindi chenu kifupi cha kazi, kila baada ya wiki mbili, kazi inapoonyeshwa. Na aje na karani wa dirishani.

Kwa nini karani? Miaka ya nyuma nilikuwa katika timu iliyojenga mfumo wa kuandikisha watu kwa taasisi moja hapa Unguja. Miezi minane tulijifungia, na wakubwa wakatia saini kila karatasi. Siku ya kwanza ya kuutumia, mama mmoja wa dirishani akaitazama fomu, akauliza: "Jina la babu naliweka wapi?" Sisi tuliweka jina la kwanza na la ukoo, kama tulivyoona katika mifano ya nje, na watu wetu huandikwa jina lake mtu, la baba na la babu. Kosa hilo angeliona katika wiki ya pili, kwa dakika moja, lau tungemwita. Tulilitengeneza kwa wiki tano, maana lilikwishaingia katika kila ripoti. Hadi leo linaniuma.

Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Ajaili, jambo la kwanza walilolitaja ni kuthamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana. Ubao wenu ni zana.

Ajaili ni programu gani, na naipakua wapi?

Si programu, ni namna ya kufanya kazi. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Tafadhali someni kabla ya kuandika.

Mteja wetu ni wa serikali. Anataka kila kitu kiandikwe katika mkataba mwanzo, kwa bei moja. Basi Ajaili haiwezekani? (Mwenye kampuni ndogo, Chake Chake)

Inawezekana, ila acheni kumwambia mteja kwamba Ajaili haina maandishi. Uongo huo umewafungia milango wengi. Ilani inathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, na kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, lakini imesema wazi kwamba hivyo vyengine navyo vina thamani. Mteja wenu anatumia fedha za umma, mwaka wake wa fedha unaanza Julai na kwisha Juni, na mkaguzi atamuuliza. Lazima aandike.

Ombeni malipo kwa awamu, kila awamu ikabidhi kitu kinachotumika. Ombeni na kifungu kinachoruhusu kubadilisha jambo kwa jengine la uzito ule ule bila ya kuufungua mkataba upya. Bei inabaki, muda unabaki, yaliyomo ndiyo yanayosogea. Kisha mtake jina la mtu mmoja upande wao mwenye mamlaka ya kusema hili kwanza, lile baadaye. Mmoja. Kamati ya watu saba ikija kukaa, nyinyi mmeshajenga mizunguko miwili kwa kubahatisha. Wakikataa kukupeni mtu huyo, fikirini mara mbili kabla ya kutia saini.

Mkuu wetu anataka kulinganisha alama za timu tatu ili ajue ipi mvivu.

Mzuieni. Alama hizo ni makadirio ya timu yenyewe ya ukubwa wa kazi zake yenyewe. Tano ya hawa si tano ya wale. Mwongozo wa Skramu wa 2020 hata hauzitaji. Akianza kuwapima watu kwa alama, mwezi ujao kazi ya alama tatu itaandikwa nane, na hapo atakuwa amepoteza hata ule ukweli mdogo aliokuwa nao. Akitaka kupima, ahesabu siku tangu kazi ianze hadi mtumiaji aishike mkononi.

Ramadhani saa za kazi hupungua. Turefushe mzunguko? (Wete)

Hapana. Muda wa mzunguko uacheni kama ulivyo, chukueni kazi chache. Na siku ya kuonyesha kazi isiwekwe alasiri, watu wameshachoka.

Nusu ya timu iko Wete, nusu iko mjini Unguja. Vikao vya simu vinakatika. Tufanyeje?

Dawa haiko kwenye simu. Kazi mmeigawa vibaya: Wete wanasubiri kipande kutoka Unguja, na Unguja wanasubiri kipande kutoka Wete. Wapeni Wete jambo zima, kutoka fomu hadi ripoti, na wawe na ruhusa ya kuliamua huko huko. Hili la ruhusa ndilo ofisi nyingi za huku hazitaki kulisikia, kwamba Pemba iamue bila ya kusubiri meli ya bandari ya Malindi, Unguja.

Nina karakana ya milango, sina kompyuta. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Chukua Kanbani, njia ya kupanga kazi kwa vikaratasi, ambayo asili yake ni viwanda vya Toyota. Umeniandikia kwamba una milango kumi na moja iliyoanzwa na hakuna hata mmoja uliokwisha. Andika kila mlango kwenye kikaratasi, ubandike ukutani, na ujiwekee mpaka: mitatu tu kwa wakati mmoja. Wa nne hauguswi hadi mmoja umefika kwa mwenyewe. Mteja mpya akija na fedha mkononi, mwambie tarehe ya kweli ya kuanza mlango wake.