Pedali inayozama ukiwa foleni ya feri: usitoe hewa tena, fungua masta silinda

Ndugu, nimesoma maelezo yako kuhusu ile Corolla KE70 aliyokuachia marehemu baba. Ukiwa foleni ya feri pale Likoni, Mombasa, na mguu uko juu ya breki, pedali inashuka polepole hadi karibu na sakafu, na ukiachia ukakanyaga tena inarudi juu. Mafuta ya breki hayapungui, chini ya gari pakavu. Fundi ametoa hewa kwenye paipu za breki, na tangu siku hiyo hali imezidi. Sasa anataka kuitoa tena.

Usikubali. Hewa mguu unaijua: pedali huwa laini kama sponji tangu unapoigusa, na ukiipigapiga haraka hupanda na kukaza. Yako inaanza ngumu, kisha inazama. Hizo ni raba za ndani ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Zimechoka, hivyo ukikandamiza, mafuta yanapenya pembeni mwa raba na kurudi yalikotoka badala ya kusukuma breki. Ndiyo maana huoni tone hata moja.

Kuna dalili ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi mbili. Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inaenda chini sana, mara ya pili iko juu na inatulia hapo hapo. Hapo shu za nyuma, zile zinazobana dramu ya gurudumu kwa ndani, zimelika, au ajasta ya kuzisogeza imeshikwa na kutu. Kama shu hazijaisha, zikaze zikaribie dramu, kazi imekwisha, hakuna spea ya kununua.

Kwa nini kutoa hewa kumezidisha? Kwa miaka yote pistoni ya masta silinda imekuwa ikitembea nusu ya njia yake tu. Ile nusu ya mbele haijawahi kuguswa, na kwa unyevu wa huku kwetu imeota kutu na vishimo. Siku ya kutoa hewa mtu anakanyaga mpaka sakafuni, raba zinapelekwa kwenye kutu hiyo na kuchanika midomo. Gari nyingi kuukuu huharibika kwa njia hii na lawama huangukia mafuta mapya. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kabla ya kutoa hewa, isifike mwisho. Hata sasa nakuomba ufanye hivyo.

Ukiifungua masta silinda, ichomoe pistoni, futa ndani kwa kitambaa safi, kisha mulika kwa tochi. Ikiwa ukuta unang'aa na ni laini, badilisha raba tu. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye kishimo, nunua silinda nzima. Utaambiwa upige msasa mpaka vishimo viishe. Msasa laini unaondoa doa la juu. Kishimo ukikifuatilia unaipanua silinda, na raba mpya haitabana. Maduka ya spea ya Mwembe Tayari na Jomo Kenyatta Avenue yamezoea Toyota za zamani, ila nenda na silinda yako mkononi mlinganishe kipenyo na nafasi za paipu. Jina la gari peke yake halitoshi.

Sasa jambo ambalo linaniuma kila nikilikuta gereji: kuosha vipuri vya breki kwa petroli au mafuta ya taa. Raba hizi zimetengenezwa kwa mafuta ya breki. Zikiguswa na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida zinavimba na kulainika, na breki zinaweza kung'ang'ania barabarani. Kama kitu hicho kimeingia kwenye mfumo, dawa ni kubadilisha kila raba, kuanzia masta silinda mpaka magurudumu yote, pamoja na hosi. Osha kwa mafuta ya breki mapya au spiriti, basi.

Na mafuta yenyewe yanunue kwenye chupa iliyofungwa kiwandani. Yale ya kupimiwa kwenye chupa ya soda achana nayo, maana mafuta ya breki hunyonya maji hewani. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ifike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Shuka nayo kutoka Kwale kuja Kombani huku unakanyaga breki njia nzima, mafuta yachemke, pedali yote inaenda. Kwa hewa ya Mombasa mimi huyabadilisha kila mwaka, gari iwe imetembea au imelala.

Kabla ya kuingiza mguu chini ya gari: nyua zetu nyingi ni mchanga. Weka ubao mpana chini ya jeki, kisha stendi za chuma, nazo juu ya ubao. Mawe ya matumbawe na matofali usiyaamini hata kidogo, yanapasuka bila kutoa onyo. Vumbi la kwenye dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, shu za zamani huwa na asbestosi. Lilowanishe, lifute, kitambaa ukitupe. Na fungua dramu ya upande mmoja kwanza, ule wa pili uwe kielelezo chako cha springi.

Masta silinda ikisharudi mahali pake, hapo ndipo utatoa hewa. Nipeli za kutolea hewa kwenye magurudumu zitakuwa zimeshikwa na chumvi. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi zigongegonge kidogo, na utumie spana ya ringi, si ile ya mdomo wazi. Hewa itoe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Anayekanyaga aende taratibu na asiachie mpaka umekaza nipeli. Chupa ya mafuta iliyo juu ya masta silinda isiachwe ikauka.

Lakini kwanza fanya hili kesho asubuhi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, legeza nati zinazoshika masta silinda kwenye busta (kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu), isogeze mbele kidogo bila kukunja paipu, upitishe kidole nyuma yake. Pakiwa pakavu, ni raba za ndani kama nilivyosema. Pakiwa pamelowa, raba ya nyuma nayo imekwenda na busta inaweza kuwa imeanza kunywa mafuta, basi usinunue chochote kabla hatujaikagua hiyo pia. Gari isiende feri mpaka hapo.